HABARI ZA SIRI, MAGAZETI, NA BARUA YA ZINOVIEV

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Jumapili, baada ya mkutano wa mwezi)



Halmashauri ya tawi ilitutaka tuseme machache juu ya habari za magazeti, hasa zile ziandikwazo kwamba zimetoka kwa wapelelezi wa siri. Tulikubali upesi, kwa sababu jambo hili limekwisha kutugusa sisi wenyewe. Mnakumbuka wakati ule tulipotoa notisi ya mgomo kwa ajili ya posho ya zamu ya usiku. Siku ya tatu gazeti moja likaandika kwamba "duru za usalama" zimegundua kuwa wakuu wa chama chetu wamepewa fedha na watu wa siasa. Hakutajwa aliyetoa, hakutajwa aliyepokea, wala kiasi, wala siku. Lakini kabla ya saa sita habari ile ilikuwa katika kila simu ya mkononi, na jioni hata wake zetu walituuliza hizo fedha tumezificha wapi. Wanachama wengine walirudisha kadi. Ushahidi haukuletwa siku ile, wala haukuletwa mpaka leo. Gazeti lenyewe hatulitaji. Tuliliandikia barua, nalo halikujibu.

Basi tusidhani kwamba tumepatwa na jambo jipya. Wenzetu wa Uingereza walipatwa nalo zaidi ya miaka 100 iliyopita, tena kwa ukubwa wa kutisha, na habari yake imekwisha kuchunguzwa mpaka karatasi za siri zikafunguliwa. Kwa hiyo tunaweza kuitazama yote, mwanzo hata mwisho, kama fundi atazamavyo injini iliyofunguliwa.

Mwezi wa Januari 1924 Chama cha Labour kilishika serikali ya Uingereza kwa mara ya kwanza. Waziri Mkuu alikuwa Ramsay MacDonald, mtoto wa watu maskini wa Scotland. Waziri wa Makoloni, yaani bwana aliyekuwa na amri juu ya Kenya hii na reli yake, alikuwa J. H. Thomas. Huyu alisafisha injini, akawa faiamani, akawa dereva, kisha akawa mkuu wa chama cha wafanya kazi wa reli. Tusidanganyane kwamba Thomas alitufungulia sisi milango. Aliitunza dola ya Kiingereza kama walivyoitunza waliomtangulia. Lakini kwa matajiri wa kwao, kumwona dereva wa treni ameketi katika kiti cha Waziri kulikuwa ajabu na kitisho.

Serikali ile ilikuwa dhaifu. Haikuwa na wajumbe wa kutosha Bungeni, ilisimama kwa hisani ya chama cha Liberal. Tena ilifanya jambo lililowachukiza wengi: iliitambua serikali ya Kikomunisti ya Urusi, na mwezi wa Agosti ikafanya nayo mapatano ya biashara na ya mkopo. Mwezi wa Oktoba ikashindwa Bungeni, na siku ya kura ikawekwa, tarehe 29.

Jumamosi tarehe 25 Oktoba, siku 4 kabla ya kura, gazeti la Daily Mail likatoka na barua. Ilisemekana imeandikwa Moscow tarehe 15 Septemba na Grigory Zinoviev, mkuu wa Komintern, yaani umoja wa vyama vya Kikomunisti vya dunia, kwenda kwa Wakomunisti wa Uingereza. Iliwahimiza wawaamshe wafanya kazi ili mapatano yale yathibitishwe, tena wapenyeze watu wao jeshini, tayari kwa mapinduzi. Gazeti likaandika juu kwa herufi kubwa kwamba ni njama ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kwamba waliotoa amri ni mabwana wa Wasoshalisti.

Liangalieni neno hilo "mabwana". Barua ile, hata kama ingalikuwa ya kweli, ilipelekwa kwa Wakomunisti, chama kidogo kilichokuwa kikigombana na Labour kila siku. Haikupelekwa kwa Labour. Lakini mtu anayesoma herufi kubwa akiwa amesimama stesheni, kikombe cha chai mkononi, hapati nafasi ya kutenganisha chama hiki na kile. Anaondoka na jambo moja kichwani: serikali ya wafanya kazi ina mabwana Moscow. Barua ilisema hivi, maandishi ya juu yakasema vile, na ni yale ya juu yaliyokwenda kupiga kura.

Sasa, barua yenyewe iliyotiwa sahihi hakuna mtu aliyepata kuionyesha. Kilichofika London mwanzo wa Oktoba kilikuwa nakala tu, kwa Kiingereza, iliyopelekwa na wapelelezi wa siri wa Uingereza waliokuwa Riga, katika nchi ya Latvia. Wakubwa wa Wizara ya Mambo ya Nje walifanya vema mwanzo. Waliuliza, je, ni ya kweli? Wapelelezi wakajibu kwamba haina shaka, na kwamba wanaye mtu wao karibu na Wakomunisti wa London, naye ameleta habari kuwa kamati yao imekutana kuizungumza. Basi wizara ikaona mambo mawili yanakubaliana, ikaridhika. Miaka mingi baadaye karatasi zilipofunguliwa, ikaonekana kwamba taarifa ya mtu yule, jinsi alivyoiandika yeye mwenyewe mara ya kwanza, haikutaja barua yoyote kutoka Moscow. Maneno yale yaliongezwa juu ya taarifa, baada ya swali kuulizwa.

MacDonald alikuwa pia Waziri wa Mambo ya Nje, lakini siku zile alikuwa mbali, kwenye kampeni za kura huko Wales. Alikuwa ameagiza kwamba kwanza ithibitike kuwa barua ni ya kweli. Akaandika rasimu ya malalamiko kwa Warusi, akairudisha London bila kusema neno la mwisho. Hapo wakubwa wa wizara wakasikia kwamba Daily Mail wanayo barua na wanataka kuitoa. Wakaogopa kuambiwa kwamba wameificha, wakaitangaza wao wenyewe tarehe 24 pamoja na malalamiko. Matokeo yake mnayaona: gazeti likasema barua ni ya kweli, kwani Serikali imeilalamikia, na Serikali iliilalamikia kwa kuwa gazeti lilikuwa nayo. Kila mmoja amemshika mwenziwe mkono, na hakuna hata mmoja aliyeshika barua.

Nani aliwapa Daily Mail? Mhariri wake, Thomas Marlowe, alieleza mwaka 1928 kwamba habari alizipata kwa rafiki wa zamani. Mtu wa kawaida akitoa karatasi ya siri ya kazini hufukuzwa na hufungwa. Wale waliotoa hii hawakufungwa.

Chama cha Conservative kikapata viti 412. Labour ikashuka kutoka 191 hadi 151. Na hapa, ndugu zangu, hatuna budi kusema jambo ambalo watu wengi wa Labour hawakulipenda. Wao walilia miaka mingi kwamba barua ile ndiyo iliyowanyang'anya serikali. Lakini hesabu ya kura yaonyesha kwamba Labour iliongezewa kura kama milioni moja kuliko uchaguzi uliotangulia. Walioangamia ni Liberal, waliotoka viti 158 wakabaki na 40. Watu wao wengi waliogopa, wakakimbilia kwa Conservative. Serikali ya Labour ilikuwa imekwisha kushindwa Bungeni, nayo huenda ingalianguka hata bila barua. Twasema hivi kwa sababu hatuwezi kuwadai wenye magazeti ushahidi, kisha sisi tukachukua bila ushahidi maneno yanayotupendeza.

Hata hivyo hasara ilikuwapo. Serikali mpya ilipoingia iliyatupa mapatano ya Urusi mwezi wa Novemba uleule. Tena kwa miaka mingi kila mfanya kazi wa Uingereza aliyedai mshahara aliweza kuulizwa kama amri ameipata Moscow.

Twapenda sana sehemu inayofuata, kwa kuwa ni kazi ya watu kama sisi. Mwisho wa mwaka 1924 baraza kuu la vyama vya wafanya kazi vya Uingereza, T.U.C., lilipeleka ujumbe Urusi. Mmoja wao alikuwa John Bromley, katibu wa chama cha madereva na mafaiamani wa treni. Ujumbe ule ulipokuwa Moscow uliomba kuonyeshwa madaftari ya Komintern, nayo yakatazamwa. Hawakuona alama ya barua ile, wakaandika katika ripoti yao kwamba ni ya uongo. Magazeti makubwa yaliwacheka: Warusi wangewaonyesha nini isipokuwa walichotaka kionekane? Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, hatuikatai. Lakini angalau watu hawa walisafiri, wakafungua daftari, wakaeleza walichokiona na wasichokiona. Wale waliowacheka hawakuwa wamefungua daftari lolote.

Tena hata kamati ya mawaziri wa Labour wenyewe, kabla hawajaondoka madarakani mwezi wa Novemba, ilisema kwamba haiwezi kukata neno kwa sababu barua ya asili haijaonekana. Kamati ya mawaziri wapya wa Conservative ikakata neno kwamba ni ya kweli. Barua ya asili nayo hawakuiona.

Ikapita miaka zaidi ya 70. Mwaka 1998 Waziri wa Mambo ya Nje, Robin Cook, alimwagiza mwanahistoria mkuu wa wizara, mama Gill Bennett, azifungue karatasi zote. Ripoti yake ilitoka mwaka 1999. Alisema karibu hakuna shaka kwamba barua ni ya kughushi, na kwamba yaelekea iliandikwa na Warusi waliokimbia mapinduzi. Alisema pia yaelekea watu wa idara za siri ndio walioitoa nje ikawafikia Conservative. Lakini hakusema "fulani ndiye aliyeandika", maana ushahidi haukumfikisha huko, naye akasimama palepale ushahidi uliposimama. Sisi twamheshimu kwa hilo kuliko kama angalitutajia jina la mtu.

Wale tuliosoma shule za misheni twakumbuka habari ya Naboti na shamba lake la mizabibu. Tulifundishwa pia sheria kwamba neno lithibitishwe kwa mashahidi wawili au watatu. Yezebeli aliijua sheria ile vizuri sana. Aliandika nyaraka kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, akaagiza waletwe mashahidi wawili. Wakaja wawili, hesabu ikatimia, Naboti akapigwa mawe. Kosa la wazee wa mji halikuwa kuhesabu vibaya. Hawakuuliza kama mashahidi wale wawili wametoka katika nyumba moja.

Swali hilo ndilo lililokosekana tena, tena mara hii kwa vita. Mwaka 2002 serikali za Marekani na Uingereza zilisema kwamba Saddam Hussein wa Iraki ana silaha za maangamizi. Jumapili tarehe 8 Septemba gazeti la New York Times liliandika katika ukurasa wa kwanza kwamba Iraki inatafuta mabomba ya aluminiamu ya kutengenezea silaha za nyuklia. Habari zilitoka kwa maofisa wa serikali wasiotajwa majina. Siku hiyohiyo Makamu wa Rais, Dick Cheney, aliketi katika televisheni akataja gazeti lile kuwa limeandika hivyo. Mnaona mzunguko wake? Neno limetoka ofisini likiwa halina jina, limepita gazetini, limerudi ofisini limevaa koti la gazeti. Msikilizaji akadhani amesikia watu wawili.

Wataalamu wa Wizara ya Nishati ya Marekani, watu ambao kazi yao ni mashine hizo, walikuwa wamesema mabomba yale hayafai kwa nyuklia na yafaa kwa maroketi ya kawaida. Gazeti ndugu la Daily Mail mwaka 1924 lilikuwa na barua. Mara hii barua pia zilikuwapo. Zilidai kwamba Iraki imenunua urani kwa nchi ya Nijeri, hapa Afrika. Mohamed ElBaradei, mkuu wa shirika la nyuklia la Umoja wa Mataifa, aliliambia Baraza la Usalama tarehe 7 Machi 2003 kwamba karatasi zile si za kweli. Watu wake waligundua kwa muda mfupi. Barua moja ilikuwa na jina la waziri aliyekuwa ameacha kazi hiyo miaka mingi nyuma. Karani yeyote wa stesheni anayekagua waranti za safari angaliona kosa kama hilo. Vita vikaanza siku 13 baadaye.

Na huko Uingereza, tarehe 24 Septemba 2002 Serikali ilitoa kitabu kilichosema kwamba Iraki yaweza kutumia silaha hizo kwa dakika 45. Magazeti mengine yakaandika kama kwamba Waingereza wenyewe wako dakika 45 kutoka kifo. Baadaye ilijulikana kwamba maneno yale yalihusu silaha za karibu, za uwanja wa vita. Wakubwa waliojua hivyo hawakuandikia magazeti kuyasahihisha. Kunyamaza huku nako ni namna ya kusema.

Kulikuwa pia na mtu mmoja, Mwiraki aliyekimbilia Ujerumani, ambaye wapelelezi walimpa jina la Curveball. Yeye alisema ameona viwanda vya sumu vinavyotembea juu ya malori. Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliyasimulia hayo mbele ya Umoja wa Mataifa tarehe 5 Februari 2003, na picha zilizochorwa za malori yale zikaonyeshwa. Wamarekani hawakuwa wamepata kukaa na mtu huyu wakamhoji vilivyo. Mwaka 2011 mwenyewe alikiri kwamba alidanganya. Wachunguzi wa Marekani waliotafuta Iraki nzima walisema mwaka 2004 kwamba akiba ya silaha zile haipo. Wakati huo watu walikuwa wakifa; raia wa Iraki waliohesabiwa walipita laki moja, na askari wa Uingereza 179, wengi wao vijana wa nyumba za wafanya kazi.

New York Times liliandika kukiri kwamba halikuwa makini, tarehe 26 Mei 2004, ukurasa wa 10. Uongo ukurasa wa kwanza, kusahihisha ukurasa wa kumi. Tulicheka tulipoisoma habari hii, lakini afadhali hao waliokiri. Letu sisi halikutupa hata ukurasa wa matangazo ya vifo.

Asije mtu akasema hapakuwa na njia ya kujua. Waandishi wawili wa shirika la Knight Ridder, Jonathan Landay na Warren Strobel, waliandika wakati uleule kwamba madai yale yana mashaka. Mkuu wao, John Walcott, alisimama nao hata magazeti mengine ya kampuni yao yalipokataa kuchapa habari zao. Siri yao ilikuwa nini? Hawakukaa sana na mawaziri. Walikwenda kwa watu wa chini na wa katikati, wale wanaoshika kazi yenyewe kwa mikono. Sisi hilo halitushangazi. Ukitaka kujua kama breki za behewa ni nzima, meneja atakupa hotuba, fundi aliyelala chini ya behewa atakupa jibu.

Na hapa kwetu? Wazee wanajua kesi ya Kapenguria. Shahidi mmoja mkubwa, Rawson Macharia, alisema alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo. Mwaka 1953 Kenyatta akafungwa. Mwaka 1958 Macharia akaapa kwamba ushahidi ule ulikuwa wa uongo na kwamba aliahidiwa malipo. Alishtakiwa akafungwa, si kwa maneno ya Kapenguria, bali kwa kiapo hiki cha pili. Hatuendelei na habari hiyo, maana inataka siku yake.

Hatusemi kwamba kila habari ya siri ni uongo. Serikali yoyote ina wapelelezi, na mara nyingine husema kweli na huokoa watu. Twasema hivi: karatasi ya siri hatuwezi kuiona, basi wanaotuletea habari yake wana deni kubwa zaidi kwetu, si dogo. Fikirini njia ya reli moja, treni zikipita pande zote mbili. Dereva haondoki stesheni kwa sababu stesheni masta "anaamini" kwamba njia iko wazi, wala kwa sababu "duru zaeleza". Hutaka ruhusa iliyoandikwa, ina namba, ina saa, ina sahihi ya mtu atakayejibu kama treni zikigongana. Gazeti linaloandika "inaaminika" halina atakayejibu.

Kwa hiyo halmashauri imekubali jambo hili. Ubao wa matangazo karibu na mlango wa karakana utakuwa na nafasi ya habari zilizokatwa magazetini au kuandikwa kutoka simuni. Mwanachama akiona habari juu ya mgomo, au chama, au kiongozi yeyote hata tusiyempenda, iliyoandikwa kwamba imetoka kwa wapelelezi, ailete. Katibu ataandika chini yake kwa kalamu: nani amesema, ameonyesha nini, gazeti la pili limepata wapi. Tarehe itaachwa, na karatasi itakaa hapo miezi 6, ili tuone ushahidi utakuja au hautakuja. Bwana Katibu amekwisha kununua daftari la kuzihifadhi baadaye. Ile habari ya fedha zetu tumeibandika ya kwanza.

Mwenyekiti anaonyesha saa. Ndugu wa zamu ya saa nane wataka kuondoka. Wenye maswali wabaki, na waanze wale wa karakana, maana mkutano uliopita walinyimwa nafasi.